MAONI: Intaneti ikizimika Kongolo, dawa iwe tayari ndani ya nyumba

Mjini Kongolo, kama kwingi katika jimbo la Tanganyika, maneno "rezo imekatika" yanabeba lawama nyingi kuliko makosa yake. Batri ya sola inachoka usiku, vyombo vinazimika. Asubuhi jua linatoka, umeme unarudi, taa za ruta zinawaka zote, lakini simu za nyumba nzima hazifungui kitu. Mwenye nyumba analaumu kampuni ya simu. Kijana wake anakimbia kununua mega zingine. Jirani anasema antena imekufa. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wamekosea: rezo ipo, mega zipo, antena ni nzima. Kilichogoma ni kimashine kidogo kinachojibu majina, yaani seva ya DNS ya nyumbani.

Nyumba, shule, parokia au kituo cha afya chenye kimashine hicho hakikukosea kukiweka. Kosa ni kukiweka bila kuandaa siku kitakapogoma. Fundi anakuja, anafunga, anaonyesha kwamba kinafanya kazi, anachukua franka zake, anapanda pikipiki ya kwenda Nyunzu na Kalemie, na ujuzi wote unaondoka naye. Siku mambo yanapoharibika, maelezo ya kutengeneza yapo kwenye intaneti, na intaneti ndiyo imezimika. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Seva ya DNS ambayo watu wa nyumba hawawezi kuipima wala kuitengeneza bila intaneti na bila fundi wa mbali, afadhali isiwekwe.

Daftari la majina

DNS ni daftari la majina. Mtu anaandika radiookapi.net, lakini mashine hazijui majina, zinajua namba. DNS inachukua jina na kurudisha namba, kisha mawasiliano yanaanza. Zamani kazi hiyo ilifanywa na faili moja tu, iliyotunzwa Marekani na kunakiliwa na kila mwenye kompyuta kwenye mtandao. Mashine zilipokuwa nyingi, faili hiyo ilishindwa. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alipendekeza mfumo wa kugawanya daftari hilo kwa maelfu ya seva, kila moja ikijua sehemu yake. Ndio mfumo unaotumika mpaka leo.

Wakongomani hawahitaji kufundishwa kwamba jina na kitu ni vitu viwili. Albertville ikawa Kalemie, na mji haukuhama ukingo wa ziwa. Kwenye intaneti pia, nchi ilikuwa na herufi .zr za Zaire, na baada ya mabadiliko ya Mei 1997 zikaja herufi .cd zinazotumika sasa. Jina likipotea, kitu hakijapotea, ni njia ya kukiita tu imekatika. Anayeshika wazo hilo moja ameshaelewa nusu ya matengenezo yote ya DNS.

Seva ya nyumbani ni nakala ndogo ya daftari hilo, inayokaa karibu. Inaweza kuwa kompyuta ya zamani au kimashine kama Raspberry Pi, chenye programu kama dnsmasq, Unbound au Pi-hole. Simu ikiuliza jina kwa mara ya kwanza, seva inauliza nje na kuweka jibu katika kumbukumbu kwa muda. Simu ya pili ikiuliza jina lilelile, inajibiwa palepale.

Faida yake Kongolo ni ya kweli, lakini isitiliwe chumvi. Maswali ya DNS yenyewe ni madogo, hayali mega nyingi. Kinachookolewa kwanza ni muda, hasa kwa wanaotumia satelaiti za zamani zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya dunia, ambapo kila swali na jibu lake vinachukua zaidi ya nusu sekunde. Mega zinaokolewa pale seva inapokataa majina ya matangazo, kwa sababu picha na video za matangazo hazipakuliwi tena. Faida ya tatu ndiyo kubwa kwa shule: seva inaweza kutoa majina kwa vitu vya ndani, kama printa au maktaba ya Kiwix yenye Wikipedia nzima kwenye diski. Rezo ya nje ikikatika, wanafunzi wanaendelea kusoma.

Ndiyo maana kugoma kwake si mchezo. Katika zoni za afya, ripoti zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara ya afya, na unaoitwa kwa jina kama tovuti nyingine yoyote. Tanganyika ni jimbo ambalo kipindupindu hakijaacha kurudi. Ripoti ya wagonjwa ikichelewa siku mbili kwa sababu mtu analaumu antena wakati saa ya seva ndiyo imepotea, hiyo haiitwi tena shida ya kompyuta.

Saa iliyobaki jana

Hapo kuna ugonjwa mmoja ambao unafaa kujulikana na kila anayeishi kwa sola, kwa sababu unazaliwa na kukatika kwa umeme kwenyewe.

Raspberry Pi mpaka toleo la 4 haina saa yenye batri. Toleo la 5, lililotoka 2023, lina saa, lakini batri yake inanunuliwa kando. Mashine ikizimika ghafla saa tatu usiku na kuwaka asubuhi, inadhani bado ni jana usiku. Ikikaa wiki bila umeme, inadhani bado ni wiki iliyopita. Kwa kawaida inajirekebisha kwa kuuliza saa kwenye seva za saa za intaneti. Lakini seva hizo za saa zinaitwa kwa majina, na majina yanapitia DNS.

Sasa, seva nyingi za DNS za leo zinakagua sahihi za kidijitali ili kuzuia majibu ya uongo. Mfumo huo unaitwa DNSSEC. Kila sahihi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Seva yenye saa iliyobaki nyuma inaona sahihi ambayo kwa hesabu yake bado haijaanza, inaikataa, na haitoi jina. Bila jina, saa haipatikani. Bila saa, jina halipatikani. Mashine ni nzima, rezo ni nzima, mega zipo, na nyumba imekaa gizani. Kuizima na kuiwasha mara kumi hakusaidii, maana kila inapowaka inarudi kwenye kosa lilelile.

Dawa yake ni rahisi kwa anayeijua. Siku ya ugonjwa, mtu anatazama saa ya simu yake na kuiandikia mashine tarehe na saa kwa mkono kwa amri ya date, kisha anaanzisha upya programu ya DNS. Ili ugonjwa usirudi, kuna njia mbili: kununua kisaa kidogo chenye batri kinachochomekwa kwenye mashine, au kuandika kwenye mipangilio ya saa namba badala ya jina, kwa mfano 216.239.35.0, ambayo ni seva ya saa ya Google. Namba haipitii DNS, kwa hiyo duara linakatika.

Pima kwa mpangilio, usibahatishe

Ugonjwa wa saa ni mmoja tu kati ya mengi. Kinachopoteza pesa na siku nzima ni tabia ya kubahatisha: kubadilisha kadi ya SIM, kurudisha ruta kwenye hali ya kiwanda, kufuta mipangilio iliyokuwa mizuri. Mganga mzuri anauliza kabla ya kutoa sindano. Kwa DNS, maswali ni matatu, na mpangilio wake usibadilishwe.

La kwanza: je, simu au kompyuta inafika kwenye ruta? Kwenye kompyuta inaandikwa amri ya ping na namba ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikiwa ruta haijibu, shida iko kwenye Wi-Fi, waya au ruta yenyewe. DNS haina kosa.

La pili: je, nje kunajibu kwa namba? Ping inatumwa kwa 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Ikiwa hakuna jibu, shida iko kwenye modemu, antena, mega au kampuni, na hakuna kugusa seva ya nyumbani. Ikiwa namba zinajibu na majina hayafunguki, mtuhumiwa amepatikana: ni DNS.

La tatu: nani hasa amekosea? Hapa inatumika amri ya nslookup, iliyomo katika kompyuta za Windows na inayopatikana pia kwenye Linux. Kwanza inaulizwa seva ya nyumbani kwa namba yake, tuseme nslookup radiookapi.net 192.168.1.10. Kisha swali lilelile linapelekwa nje: nslookup radiookapi.net 8.8.8.8. Ikiwa ya nje inajibu na ya nyumbani haijibu, kosa ni la nyumbani.

Namna seva inavyokataa nayo ni habari. Kimya kabisa, mpaka muda unaisha, maana yake seva imezimika, programu haikuanza, au anwani yake imebadilika. Neno NXDOMAIN maana yake seva ni nzima, inasema tu kwamba jina hilo halipo. Pengine limeandikwa vibaya, pengine limezuiwa pamoja na matangazo. Neno SERVFAIL maana yake seva imejaribu ikashindwa, na mtu aanze kwa kutazama saa. Neno REFUSED maana yake seva imekataa kumhudumia anayeuliza, mara nyingi kwa sababu imewekwa kujibu mtandao mmoja tu na yeye anatoka mwingine.

Makosa manne yanayojificha

Baada ya maswali hayo matatu, wanaobaki ni watuhumiwa wachache wanaojulikana.

Mtuhumiwa wa kwanza ni anwani inayohama. Ruta inagawa namba kwa mashine zote, na baada ya umeme kukatika inaweza kuipa seva namba nyingine. Simu zinaendelea kuuliza kwenye namba ya zamani, ambako hakuna mtu. Seva lazima iwe na namba isiyobadilika, iliyohifadhiwa kwenye ruta.

Mtuhumiwa wa pili ni DNS ya akiba. Fundi anaandika seva ya nyumbani kama ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili, akiamini ya pili itatumika tu ya kwanza ikifa. Vyombo vingi havifuati hivyo, vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili. Matokeo yake ni ugonjwa wa "leo ndiyo, kesho hapana": maktaba ya shule inafunguka kwenye simu moja na kukataa kwenye nyingine. Anayetaka akiba aweke seva ya pili ya nyumbani inayojua majina yaleyale.

Mtuhumiwa wa tatu amejificha ndani ya simu. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, kuna mpangilio ambao kwenye simu za Kifaransa unaitwa "DNS privé". Mtu akiandika humo jina la seva ya nje, simu yake inapita juu ya seva ya nyumbani bila kuiuliza. Nyumba nzima inafanya kazi, simu moja haioni printa, na lawama zinaenda kwa seva isiyo na kosa.

Mtuhumiwa wa nne ni jina lenyewe. Wengi wanaita vitu vyao vya ndani kwa jina linaloishia na .local, bila kujua kwamba neno hilo limetengwa kwa utaratibu mwingine, ambao vyombo vinatumia kutafutana bila seva yoyote. Mgongano hauepukiki. Kwa matumizi ya nyumbani imetengwa home.arpa tangu 2018, na mwaka 2024 shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilitenga pia .internal. Maktaba ikiitwa maktaba.home.arpa, haitagombana na mtu.

"Wekeni 8.8.8.8, mambo yaishe"

Wapo watakaosema yote haya ni kujisumbua. Kwa nini nyumba ya Kongolo ijitwike mzigo wa seva wakati Google inatoa 8.8.8.8 bure tangu 2009, na Cloudflare 1.1.1.1 tangu 2018? Kwa nyumba yenye simu mbili tatu, hoja hiyo ni sahihi. Isiweke seva yoyote.

Lakini kwa shule, parokia au ofisi yenye vyombo kumi na tano kwenye mega zilezile, jibu hilo halitoshi. Seva ya Google haijui printa ya ofisi wala maktaba ya shule. Haizuii matangazo yanayokula mega. Na rezo ya nje ikikatika, 8.8.8.8 inakatika nayo. Tena, anayejibu majina anaona orodha ya kila jina linalotafutwa na watu wa nyumba. Kuchagua nani aone orodha hiyo ni haki ya mwenye nyumba, nayo Kodi ya Dijitali ya Machi 2023 inazungumzia ulinzi wa habari za watu binafsi.

Zaidi ya hayo, hata wakubwa wanakwama mahali palepale. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kote kwa karibu saa sita. Kosa lilitokea wakati wa matengenezo ya mtandao wa kampuni. Njia za kufikia seva zake za DNS zilitoweka, na majina yakakosa wa kuyajibu. Kibaya zaidi, vyombo ambavyo mafundi wangetumia kutafuta kosa navyo vilitegemea mtandao uleule uliokufa, ikabidi watu wapelekwe kwenye majengo yenye mashine. Kampuni tajiri kiasi hicho ilifungia ufunguo ndani ya nyumba. Somo lake linafanana na lile la saa ya Raspberry Pi: kifaa cha kutengenezea kisitegemee kitu kilichoharibika.

Kujua pa kulaumu

Kupima kuna faida nyingine kwa Mkongomani: kunamwonyesha lini kosa si lake. Kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu wiki tatu. Mwezi Agosti 2023, maporomoko chini ya bahari kwenye bonde la mto Kongo yalikata kebo za WACS na SAT-3. Siku kama hizo, kugusa DNS ya nyumbani ni kuharibu kizima. Jaribio la namba linamwambia mtu ndani ya dakika moja kwamba shida iko mbali, na kwamba madai yaende kwa kampuni, na ikibidi kwa ARPTC, badala ya kwenda kwa kijana wa Wi-Fi.

Jambo hili litazidi uzito. ARPTC ilitoa leseni kwa Starlink Mei 2025, baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Antena moja ikigawiwa watu wengi, mitandao midogo ya ndani inazaliwa, na kila mtandao unahitaji mtu anayejua majina yanajibiwa wapi.

Kinachotakiwa si mradi wa mamilioni. Kwanza, karatasi moja iliyobandikwa ukutani, karibu na seva: namba ya ruta, namba ya seva, maswali matatu kwa mpangilio, amri ya kurekebisha saa. Karatasi haihitaji umeme. Pili, fundi asilipwe malipo ya mwisho mpaka azime umeme wa nyumba mbele ya mteja, auwashe, na aonyeshe kila kitu kinarudi chenyewe. Tatu, nakala ya kadi ya kumbukumbu ya seva iwekwe kabatini, maana umeme ukikatwa ghafla unaua kadi hizo. Nne, watu wawili katika nyumba au ofisi, si mmoja, wafundishwe kupima. Shule na taasisi za juu za Kongolo na Kalemie zinazofundisha kompyuta zingefanya vizuri kuweka zoezi hili kabla ya masomo mengine ya mitandao: zima, washa, pima, tengeneza.

Mji ulio mbali na Kinshasa na Lubumbashi hauwezi kungojea fundi kila jua linapochelewa kutoka. Mwenye seva leo anaweza kuuliza swali moja: kama ingezimika usiku huu, nani ndani ya nyumba hii angeiwasha kesho asubuhi bila kupiga simu kwa mtu? Ikiwa jibu ni "hakuna", kazi ya kwanza ni kuandika ile karatasi.